Wifi kasisimka, mimi nimeuliza bei

SWALI

Shikamoo Daktari. Mimi ni fundi cherehani, nina miaka 29, naishi Dar es Salaam na mume wangu na mdogo wake wa kike. Mwezi uliopita wifi alinivuta twende naye Mwenge kwenye vinyago. Tukafika kwenye kinyago kimoja cha shetani: jicho moja, mdomo umepinda, mguu umetokea mgongoni. Wifi akasimama kama kapigwa na butwaa. Akasema mwili umemsisimka, na kweli vinyweleo vya mkono vilikuwa vimesimama. Mimi muda huo nilikuwa nimeshamwuliza mchongaji kama ni mpingo kweli au ni mti uliopakwa kiwi ya viatu, amekichonga kwa siku ngapi, na anauza shilingi ngapi. Tulipokuwa kwenye daladala wifi akaniambia, “Wewe huna roho ya sanaa.” Alikuwa ananitania, lakini iliniuma. Siyo kwamba mimi ni jiwe. Naimba kwaya, na sauti zote nne zikikutana vizuri huwa napata baridi mpaka shingoni. Ila picha na vinyago, hapana. Nimesoma mtandaoni kwamba watu wenye hulka fulani ndio wanaoelewa sanaa. Ni kweli? Na la pili: wifi alikinunua kile kinyago na anataka kukiweka sebuleni. Mimi kinanitisha. Nifanyeje?

JIBU

Marahaba, dada yangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilikwama kwenye ile sentensi ya kwaya. Umeiandika kama mtu anayejitetea, kumbe hapo ndipo kesi ya wifi yako inapoanguka.

Ile baridi inayokupanda shingoni na vile vinyweleo vilivyomsimama wifi ni kitu kimoja. Kiswahili chenyewe kinajua hivyo: kusisimka ni kwa mwili na ni kwa moyo, neno ni lilelile. Wanasaikolojia nao wanalichukulia jambo hili kwa uzito kuliko unavyodhani. Wamarekani wawili, Paul Costa na Robert McCrae, walitunga dodoso la kupima hulka ambalo limetumika sana duniani. Ndani yake kuna kauli ambayo mjibuji anatakiwa aseme inamhusu kwa kiasi gani, nayo kwa maneno yangu ni kwamba pengine nikisoma shairi au nikitazama kazi ya sanaa nahisi mwili unasisimka. Mwaka 2007 McCrae alichapisha uchambuzi wa majibu yaliyotoka katika tamaduni 51. Katika nyingi kati ya hizo, kauli hiyo moja ilikuwa miongoni mwa zile zinazofichua vizuri zaidi upande fulani wa hulka ya mtu.

Upande huo ni upi? Wataalamu wengi hupima hulka kwa pande tano: uchangamfu mbele za watu, upole kwa wengine, umakini na mpangilio, wepesi wa kuingiwa na wasiwasi, na uwazi kwa mambo mapya. Huo wa tano ndio tunaouzungumzia. Ni yule mtu anayeonja chakula asichokijua jina, anayebadili njia ya kurudi nyumbani bila sababu, anayeuliza “ingekuwaje kama” wakati wenzake wanataka kikao kiishe. Mwaka 2009 Tomas Chamorro-Premuzic na wenzake walichapisha utafiti wa watu 91,692 wa Uingereza waliojaza dodoso kwenye mtandao na kusema wanapenda michoro ipi. Kati ya pande zote tano, uwazi huo ndio uliokwenda sambamba zaidi na kupenda michoro, bila kujali ni ya mtindo gani.

Bila shaka ulichosoma mtandaoni kilizaliwa na tafiti za namna hii, kikaharibikia njiani. Kwanza, zilipima kupenda. Kuelewa hazikugusa, na hivyo ni vitu viwili. Ninao marafiki wanaopenda kila picha ya ukutani ambao hawajawahi kuona hata moja. Pili, uhusiano wenyewe si mkubwa. Ukinipa alama za uwazi za mtu, nitabashiri ladha yake vizuri kidogo kuliko kurusha shilingi, basi. Tatu, madodoso haya yalitengenezwa na kujaribiwa zaidi kwa watu wa Ulaya na Marekani, wengi wao wanafunzi wa vyuo. Mwaka 2013 Michael Gurven na wenzake walichapisha walichokipata kwa Watsimane, wakulima na wawindaji wa Bolivia, na zile pande tano hazikujipanga kama zilivyotarajiwa. Kwa hiyo mtu akikuletea jaribio la maswali kumi kwenye simu likakwambia wewe “si mtu wa sanaa”, liweke kapu moja na utabiri wa nyota.

Sasa turudi Mwenge, maana kilichotokea pale mbele ya kibanda kinanivutia kuliko madodoso yote hayo.

Kulikuwa na mtaalamu wa Kisovieti wa mwendo wa macho, Alfred Yarbus. Aliwawekea watu kifaa kidogo kilichonata kwenye jicho, akarekodi jicho linatua wapi na linaruka kwenda wapi. Moja ya picha alizotumia ni mchoro wa Ilya Repin wa miaka ya 1884 hadi 1888: mwanamume aliyekuwa uhamishoni anaingia nyumbani kwake ghafla, amevaa koti refu, kachoka, mwanamke mzee anainuka kitini, watoto mezani wanageuza shingo, mtumishi ameshika mlango. Yarbus alimpa mtu mmoja picha hiyohiyo mara saba. Mara ya kwanza alimwacha atazame apendavyo. Kisha akaanza kumpa maswali. Familia hii ina hali gani kimaisha? Macho yakaenda kwenye samani na nguo. Hawa wana umri gani? Macho yakaruka kutoka uso hadi uso, ukuta na meza vikasahaulika. Huyu mgeni alikuwa ameondoka kwa muda gani? Hapo macho yakawa yanakwenda na kurudi kati ya uso wake na nyuso za waliokuwa wakimngoja. Kitabu chake kilitoka kwa Kirusi mwaka 1965 na kwa Kiingereza mwaka 1967, na ile michoro ya njia za macho mpaka leo huwa nawaonyesha wanafunzi wangu katika wiki ya kwanza. Ukiiangalia, unaweza kuapa kwamba ni watu saba waliotazama picha saba.

Wewe ulifika kwenye kibanda kile na maswali ya fundi. Ni mpingo kweli? Basi jicho likatafuta ule ukingo wa mti mweupe unaozunguka kiini cheusi, ambao wachongaji wengine huuacha makusudi kwenye kitako. Mkono nao ukataka kukinyanyua, kwa kuwa mpingo halisi ni mzito kiasi cha kuzama majini. Kimechongwa siku ngapi? Jicho likaenda kwenye alama za tindo na mahali palipopigwa msasa. Wifi alifika na swali jingine kabisa, pengine bila kujua kwamba analo: hiki kitu kinanifanya nini? Nyote wawili mlitazama kwa bidii. Nadhani hulka ndipo inapofanyia kazi yake kubwa, kabla hata macho hayajatua: inakuchagulia swali. Mtu aliye wazi sana kwa mapya huanza na swali lisilo na jibu. Mwenye umakini na mpangilio huanza na lile linalojibika. Na tofauti na hulka, ambayo ukishafika umri wako hubadilika polepole sana, swali unaweza kulibadilisha palepale ulipo, kama Yarbus alivyombadilishia yule mtu wake.

Na swali la kwanza lina nguvu kwa sababu muda wenyewe huwa mfupi. Jeffrey Smith na Lisa Smith waliwapima watazamaji katika Metropolitan Museum of Art, New York, mbele ya kazi maarufu kabisa. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 2001, yalikuwa wastani wa sekunde 27.2, na nusu ya mitazamo ilikuwa ya sekunde 17 au chini ya hapo. Watu wamepanda ndege na kulipa kiingilio, wakatazama kwa muda ambao wewe huwa bado unatafuta tundu la sindano. Katika sekunde 17 swali moja hutosha kumaliza zamu.

Halafu kuna suala la kinyago chenyewe. Ungeniambia wifi alisisimka mbele ya kinyago cha ujamaa, lile gogo la watu waliobebana, babu chini, wajukuu juu, ningekujibu vingine. Ujamaa unasomeka: unahesabu vichwa, unaona nani kambeba nani, unatabasamu. Mtindo wa shetani uliingia kwenye uchongaji wa Kimakonde hapa Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa mkono wa Samaki Likankoa, ambaye mfanyabiashara Mohamed Peera alikuwa akinunua kazi zake, na tangu hapo sifa yake ni kukataa kusomeka. Huyu ni mtu au mnyama? Huo ni mkono au ni ulimi? Kila ukikaribia kupata jibu, kinyago kinakunyima.

Kunyimwa huko kuna watu kunakowachangamsha na wengine kunawakera, na saikolojia ina jambo la kusema hapa. Arie Kruglanski na wenzake waliandika sana juu ya hamu ya kupata jibu na kulifunga jambo. Sote tunayo, kwa viwango tofauti, na haina uhusiano na uwezo wa akili. Watafiti wa Amsterdam walichapisha mwaka 2012 kwamba wenye hamu hiyo kubwa huvutiwa zaidi na picha za vitu vinavyotambulika kuliko zile za maumbo matupu. Nabashiri, dada, kwamba wewe uko upande huo, na kazi yako inakulea hukohuko. Fundi asiyependa kumaliza shona hana wateja Jumamosi jioni.

Ila nataka nikubane kidogo kwenye jambo moja. Umesema vinyago havikugusi. Mistari michache baadaye umesema kile kinyago kinakutisha, hukitaki sebuleni. Sasa kipi ni kipi? Kitu kisichokugusa hakikukoseshi raha kwenye kochi lako mwenyewe. Wifi alisisimka akapendezwa, wewe ulishtuka ukakimbilia kwenye bei. Sisemi kwamba bei ni maficho siku zote. Mara nyingi bei ni bei. Lakini kwa ulivyoandika, mchongaji angeisoma barua yako akacheka kwa furaha, kwa kuwa umemlipa sifa aliyoitaka.

Hapa inaingia pia malezi, ambayo watu wa madodoso huwa wanayaruka haraka mno. Kwa mchongaji wa Kimakonde, na kwa watu wengi wa pwani, mashetani ni jamii nzima ya viumbe: wako wakorofi, wako wacheshi, wako wa kusaidia. Kwa aliyekulia kanisani, shetani ni mmoja, naye unamkana kwa sauti siku ya ubatizo. Wewe unayeimba kwaya ulisikia jina la kinyago kabla hujakiona. Usiniambie jina hilo halikuingia machoni. Dada wawili wenye hulka inayofanana kama kurwa na doto, mmoja kalelewa na bibi anayepunga pepo na mwingine na bibi mlezi wa kwaya, wasingekiona kinyago kimoja.

Na nani alisema kusimama kimya na kusisimka ndiyo namna halali ya kutazama? Hiyo ni adabu ya makumbusho, imekuja na majengo yake. Kule Lubumbashi, Kongo, ambako Kiswahili ni lugha ya mjini, miaka ya 1970 wachoraji kama Tshibumba Kanda Matulu walikuwa wakiuza michoro ya kutundikwa sebuleni: Mamba Muntu, yule mwanamke nusu samaki, au picha za enzi ya Wabelgiji, askari na mfungwa na bendera. Johannes Fabian, mtaalamu wa anthropolojia aliyeishi kule na kuzungumza na wachoraji na wanunuzi, aliandika kwamba neno lililotajwa juu ya picha hizo ni ukumbusho. Kazi ya picha ilikuwa kukumbusha na kuamsha maneno. Mgeni akiingia, anaangalia ukutani, anauliza, mwenye nyumba anaanza kusimulia yaliyompata baba yake. Katika sebule ile wewe na maswali yako ungekuwa mgeni wa heshima, na wifi aliyepigwa butwaa angeulizwa kama anaumwa.

Katika ziara zangu na wanafunzi nimeona jambo linalofanana na hilo. Wachangamfu huwa hawaoni kitu mpaka waseme. Wanasimama wawili watatu, wanabishana, wanacheka, na katikati ya ubishi mmoja ananyamaza: ameona. Wakimya wanarudi baadaye peke yao, wengine siku ya pili. Sijafanya utafiti wa kuchapisha juu ya hili, ni macho yangu tu, lakini siku hizi sipangi tena ziara ambayo kila mtu lazima atembee kundini na kusikiliza maelezo. Nusu ya darasa ilikuwa inarudi nyumbani haijatazama kitu.

Sasa jambo ambalo wifi halijui kuhusu wewe. Mwaka 1993 Calvin Nodine na wenzake walilinganisha macho ya watu waliosomea sanaa na wasioisomea. Wasioisomea walituama kwenye vitu kimoja kimoja: sura, mtu, mnyama. Waliosomea macho yao yalizunguka zaidi kwenye mahusiano ya vitu hivyo, kipi kinasawazisha kipi, nafasi iliyo katikati inafanya nini. Dada, hicho ndicho unachokifanya kila siku ukitandika kitenge mezani. Unaona ua litakatika kwenye bega kabla mkasi haujagusa kitambaa. Ukishika khanga unaona kama pindo limebana mji, kama jina limekaa katikati au limevutwa upande, kama rangi mbili zinagombana au zinabembelezana. Hiyo ni kazi ya jicho lililofundwa, na ulifundwa kwa miaka, bila mtu kukuambia kuwa ni sanaa. Mchukue wifi uende naye Kariakoo kwenye maduka ya khanga. Mwache atembee, kisha mwulize kwa nini ile ya tatu kutoka mlangoni imekaa vibaya. Usimwambie mapema kwamba utamwuliza.

Nawe, ukirudi Mwenge, nina ombi moja dogo. Chagua kinyago, na uanze na maswali yako ya fundi; usiyaache, ndiyo mlango wako. Mpingo? Siku ngapi? Tindo ipi? Yakiisha, usiondoke. Uliza la nne, ambalo mwenye kibanda hawezi kukujibu: mtu aliyekichonga alikuwa anafikia wapi aliposema sasa inatosha? Wewe unalijua jibu la swali hilo kwenye gauni. Kaa dakika tano ukilitafuta kwenye mti. Ukisisimka, sawa. Usiposisimka, sawa vilevile. Kuna watu wazima, wenye furaha zao, ambao muziki hauwagusi kabisa. Watafiti wa Barcelona waliwapima na kuchapisha mwaka 2014: mchezo wa kushinda fedha uliwachangamsha kama wengine, muziki haukuwafanya kitu. Hakuna aliyewaita jiwe. Na wewe, kwa hiyo kwaya yako, uko mbali nao.

Limebaki la sebule. Hapa nina habari nzuri na mbaya. Nzuri ni kwamba tunachokiona mara kwa mara mara nyingi tunaishia kukipenda. Robert Zajonc aliandika juu ya hilo mwaka 1968, na James Cutting wa Chuo Kikuu cha Cornell akalijaribu darasani: muhula mzima alikuwa akipitisha michoro ya Kifaransa ya karne ya 19 bila kuieleza, na wanafunzi wakaja kupendelea ile waliyoiona mara nyingi, hata ile isiyo maarufu. Habari mbaya ni kwamba kuzoea hakufanyi kazi hiyo kwa kila kitu. Mwaka 2013 Aaron Meskin na wenzake walichapisha jaribio kama hilo wakitumia michoro ya Thomas Kinkade, Mmarekani aliyeuza sana na kudharauliwa sana na wahakiki. Kadiri watu walivyoiona, ndivyo walivyozidi kuichoka. Hivyo sebule yako ni maabara nzuri tu, kama wifi ana imani na kinyago chake.

Masharti yangu ni haya. Kisikae mkabala na mlango wala mahali unapokiona ukiamka usiku kunywa maji. Mshtuko wa gizani si utazamaji. Kiweke pembeni, penye mwanga wa mchana, chini kidogo ya macho, ili ukipite ukiwa na shughuli zako. Kisifunikwe wageni wa kwaya wakija. Waache waulize, na wifi ndiye ajibu. Mume wako asipige kura. Baada ya miezi mitatu, kama bado kinakunyima raha, kinahamia chumbani kwa wifi, na ukuta unaobaki wazi utatundikwa khanga utakayoichagua wewe.